Keja yangu inakaa ushago? Asanteni

Wacha niseme kitu kitakachowasha komenti leo: keja nyingi tunazooneshwa mtandaoni ni keja moja tu iliyopigwa picha mara elfu. Ukuta mweupe, zulia jeupe la manyoya, pazia la kijivu, taa za LED za zambarau zimezunguka dari, ua la plastiki kwenye kona, na kibao cha ukutani chenye neno moja la Kizungu. Unaweza kumbeba msee wa Ruaka akiwa usingizini ukamlaza kwa msee wa Kitengela, na asubuhi aamke atafute majani chai bila kujua amehamishwa.

Nilipoweka video ya keja yangu wiki mbili zilizopita nilijua nitachekwa kidogo. Sikujua mtakuja na mbogi nzima. "Sis, hii ni room ya susu." "Inakaa ushago." "Mahamri unauza pesa ngapi?" Huyo wa mahamri nilimpa moyo, alistahili. Lakini kulikuwa na mmoja aliyeandika bila matusi, tena kwa upole, kwamba nisijali, nikijipata nitaweka vitu vya maana. Huyo ndiye amenifanya niandike.

Kwa wageni: nimezaliwa Changamwe, Mombasa, wazazi wangu ni Wakamba. Nilikuja Nairobi kusoma, nikaacha chuo mwaka wa pili (hadithi hiyo mnaijua, msinirudishe huko), na sasa niko bedsita Zimmerman, elfu tisa kwa mwezi, stima ya tokeni, dirisha moja linaloangalia dirisha la mtu.

Kule Changamwe tulikaa kwenye nyumba ya Kiswahili. Kama hujawahi kuiona, ni hivi: ukumbi mrefu unapita katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na kila chumba kina mpangaji wake. Sisi tulikuwa watu watano kwenye chumba kimoja. Mama aliunganisha leso mbili kwa cherehani akazining'iniza kwenye kamba, na huo ndio ulikuwa ukuta wetu: upande huu wazazi, upande huu watoto. Mkeka wa miyaa ulikunjwa asubuhi ukasimamishwa nyuma ya mlango. Mchana sakafu ni ya kuchezea, usiku sakafu ni kitanda. Ukumbini kulikuwa na mtungi wa maji umekalishwa juu ya mchanga, na yale maji yalikuwa baridi kuliko ya friji ya duka. Mama wa chumba cha mbele, Mdigo, Ijumaa alikuwa akifukiza udi kwenye chetezo, harufu inapita vyumba vyote bila kubisha hodi. Hakuna aliyeita hiyo mapambo. Ilikuwa tu namna watu wengi wanavyokaa mahali padogo bila kuuana.

Halafu Desemba tunapanda kwenda Machakos kwa susu. Huko starehe ni nyingine kabisa. Kigoda cha miguu mitatu karibu na moto, moshi kwenye nguo, viondo vimening'inia kwenye misumari vikiwa na mbegu, miwani, risiti za mbolea, kila kitu. Sebuleni makochi yamevaa vitambaa vya kufuma kuanzia mgongoni hadi mikononi, na ole wako ukae ovyo kitambaa kianguke.

Sasa keja yangu ni hizo nyumba mbili zimekutana Zimmerman. Hiyo ndiyo siri yote. Sikuipata kwa mtu wa Instagram.

Tuongee kidogo juu ya hii biashara ya "kozi". Kuna neno la Kidenmaki, hygge, ambalo lilivuma mwaka 2016 vitabu vyake vilipojaa madukani Uingereza na Marekani. Ni ule utulivu wa kukaa ndani na watu wako, mishumaa inawaka, blanketi mapajani, kikombe cha kitu cha moto. Sina ubaya nalo hata kidogo. Wadenmaki wana sababu zao: Desemba, jijini Copenhagen, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Giza lote hilo utafanya nini kama hutawasha mishumaa? Shida ni kwamba sisi tulinunua mshumaa tukaacha sababu kule kule. Mtu wa Mombasa anakaa na blanketi la manyoya Februari kwa sababu ya picha. Jamani.

Starehe ya pwani ni upepo. Ni sakafu ya simiti iliyotoka kupigwa deki, miguu mitupu, kikoi chepesi, dirisha wazi. Starehe ya Ukambani usiku wa Julai ni joto na mwili wa mtu mwingine karibu. Na Nairobi ni mchanganyiko wa ajabu, tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hivyo Februari unatembea na fulana na Julai unalala na soksi. Chumba changu hubadilika na mwaka. Miezi ya jua mkeka uko katikati, kitanda kina kikoi tu. Ikifika Juni mkeka unaingia chini ya zulia dogo la mtumba la rangi ya kutu, blanketi zito nililookota Gikomba linatoka, na ile shuka nyekundu ya mirabaraba inapanda kwenye dirisha nyuma ya pazia kuzuia baridi. Kiswahili hakina neno moja la hiyo hali, ama mimi silijui. Mimi husema chumba kimetulia.

Sasa leso. Huyo aliyeuliza kwa nini nimetundika nguo ukutani, soma hapa. Mwenye nyumba wetu amebandika karatasi langoni: marufuku kupiga misumari, ukipiga dipoziti imeenda. Picha zenye fremu huwezi kutundika, rafu huwezi, kioo huwezi. Leso haitaki msumari. Nimeipitisha kwenye fimbo ya mwanzi, fimbo imening'inia kwa kamba kutoka kwenye bomba la pazia. Ukuta mzima umepata rangi kwa pesa ya chakula cha siku mbili, na nikihama naikunja naitia kwenye mkoba.

Na leso si kitambaa cha maua tu. Ina pindo linalozunguka pembeni, ina mji hapo katikati, na ina jina, yale maneno chini ya mji. Huuzwa mbili mbili, ndiyo doti. Yangu ni ya Mali ya Abdulla, chapa ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambayo mama yeyote wa pwani anaijua kabla hajavaa miwani. Jina lake ni la kumwambia jirani apunguze macho. Nimeliweka mahali linaposomeka mlango ukiwa wazi. Anayehusika anajua.

Kuna aliyeniambia lakini wewe si Mswahili, wewe ni Mkamba, hiyo leso umeazima. Nimebebwa na leso mgongoni, nimefutwa kamasi na leso, nimelala miaka kumi upande huu wa leso. Lakini sawa, tufuate hiyo hoja ya asili tuone itatufikisha wapi. Neno leso lenyewe limetoka kwa Wareno, ni jina lao la kitambaa cha mkono. Ukienda kwa susu wangu umwoneshe kiondo cha mkonge useme hiki ndicho cha asili kabisa, ujue mkonge ni mmea wa Meksiko. Uliletwa Tanganyika, wakati huo chini ya Wajerumani, mwaka 1893 na mtu anayeitwa Richard Hindorf. Kabla ya hapo wanawake wa Ukambani walisokota nyuzi za maganda ya miti, mbuyu ukiwemo. Mkonge ulikuja wakauchukua, na leo wanachanganya na uzi wa sweta, na bado ni kiondo. Shanga za Kimaasai, zile ndogo za kioo, nyingi hutoka Jamhuri ya Cheki. Gedi, kule karibu na Watamu, wachimbaji walifukua vigae vya vyombo vya Kichina. Watu wa hapa walikuwa wakichagua vyombo vya kigeni vya kupamba nyumba kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Hata uchongaji wa Wakamba, ule ambao kila mtalii anaondoka nao, una hadithi ya safari. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona Wamakonde wanavyochonga, akarudi nyumbani na hiyo kazi. Watu wake wakaifuata, wakashuka nayo hadi Mombasa. Kule kwetu Changamwe, kwenye barabara ya Port Reitz, kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba, na nimekua nikisikia tezo zao mchana kutwa. Na Kariokor, soko ninakonunua mikeka nikiwa Nairobi, jina lake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hiyo hiyo, limetafunwa na midomo yetu hadi likawa letu.

Kwa hivyo mtu akiniambia nimechanganya tamaduni, namwambia ndiyo. Hivyo ndivyo vitu hivi vilivyopatikana. Tofauti ni kwamba susu alichanganya kwa sababu ya mahitaji ya mkono wake. Sisi tunataka kuchanganywa na kampuni ya simu kwenye kioo cha inchi sita.

Kitu ninachojivunia zaidi ni kile mlichokiita "maboksi." Kwenye nyumba za kale za Lamu, zile za mawe, ukuta wa chumba cha ndani una vishimo vilivyopangwa safu kwa safu, vimechongwa kwa chokaa. Vinaitwa zidaka. Watu waliweka humo vyombo vya kauri, vitabu, vitu vya thamani, na chumba chembamba kikaonekana kina kina. Mimi sina ukuta wa mawe, nina ukuta wa mwenye nyumba. Nimechukua maboksi ya nyanya, yale ya mbao, manne, nikayapiga msasa na kuyapaka chokaa nyeupe, nikayapanga moja juu ya jingine yakiangalia mbele. Juu kuna vikombe, chini kuna unga, katikati kuna kinyago kidogo cha twiga ambacho babu alichonga na kukosea sikio moja. Hayo ndiyo zidaka zangu. Maboksi ni bure ukiwa na rafiki sokoni.

Mtungi nimeununua pia. Sina friji na sitaki ya mkopo. Maji hupenya polepole kwenye udongo, yakikauka upande wa nje yanaondoka na joto, ya ndani yanabaki baridi. Kisumu wenye dapi wanajua hii habari vizuri kuliko mimi.

Sasa nifike kwa pesa, kwa sababu hapo ndipo huwa nakasirika. Susu hufuma kiondo akitembea, akiongea, akikutukana kwa upendo. Kikubwa humchukua karibu wiki tatu. Dalali akija humpa shilingi 700. Mwezi wa nne nilikiona cha kufanana kabisa kwenye duka moja la mtandaoni, kimewekwa juu ya zulia jeupe, kimeitwa "boho", shilingi 4,500. Hakuna mahali wameandika kiondo. Hakuna mahali wameandika Machakos. Nilitaka kulia halafu nikataka kupigana.

Ndiyo maana mkiniuliza "link tafadhali" huwa siweki. Nendeni Kariokor. Nendeni Biashara Street mkiwa Mombasa, muulize doti. Muulizeni mama aliyekaa na kiondo amekifuma nani, na kama ni yeye, msimshushie bei hadi aanze kuangalia chini. Ongeeni kidogo, bei ya kuongea ipo, kila mtu anajua. Lakini wiki tatu za mikono ya mtu si kitu cha kusema "nipe na thao mbili tatu" kisha ukatoke hapo ukanywe kahawa ya mia sita.

Na msijaze. Maasai Market kuna vinyago vya uso vikubwa vya kutisha, vingine ni mitindo ya Kongo au Afrika Magharibi, vinauzwa kama kumbukumbu za Kenya. Ukikipenda, chukua, ni ukuta wako. Mimi siwezi kulala na uso ambao sijui unamwangalia nani.

Nina rafiki, sitamtaja, aliyechukua mkopo wa simu anunue sofa ya kona ya kijivu. Bedsita. Sofa ilimeza nusu ya chumba, ikabidi kitanda kisogee kwenye mlango wa choo. Video zilikuwa safi, nikubali. Miezi mitatu baadaye aliiuza kwa hasara na bado analipa riba. Wenye keja zetu hizi za mita chache tunauziwa vitu vilivyotengenezewa nyumba yenye sebule. Halafu vitu vilivyotengenezewa watu watano kwenye chumba kimoja, vinavyokunjwa, kusimamishwa, kuvaliwa na kubebea mtoto, tunaviita vya ushago.

Nirudi kwa yule mpole. "Ukijipata."

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hilo neno nimelisikia kila harusi na kila matanga. Bado anajitafuta. Akijipata ataoa, ataolewa, atajenga, atanunua kiti. Nawajua watu wenye miaka 27 ambao godoro liko sakafuni miaka minne, nguo ziko kwenye begi la kusafiria, ukutani hakuna hata kalenda, kwa sababu hapa ni pa kupita. Hawana shida ya pesa kiasi hicho. Wanangoja ruhusa.

Mama yangu amepanga nyumba miaka 26. Kama kujipata ni kuwa na hati ya shamba basi hajajipata mpaka leo, na huenda asijipate. Lakini hakuna siku hata moja alituambia hapa si nyumbani. Alifua lile pazia la leso kila Jumamosi kana kwamba gavana anakuja.

Agosti alipanda Nairobi kunitembelea, mara ya kwanza tangu niache chuo. Nilipiga deki mara mbili. Aliingia, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaangalia. Hakusifu. Alichukua kitambaa nilichoweka juu ya spika, alichokifuma yeye mwenyewe nikiwa darasa la tatu, akasema hiki hakijafuliwa vizuri, kina weusi kwenye mashimo. Akasoma jina la leso akacheka peke yake. Akaketi kwenye mkeka, akaegemea ukuta, na kabla chai haijachemka alikuwa amelala, mkoba bado uko mkononi. Chuo hakikutajwa hadi jioni, na hata hapo kilitajwa vizuri.

Kuna watu watasoma hii waende kuwasha makaa ndani ili chumba kinukie udi. Sikizeni. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua, na huua kimya, kila msimu wa baridi tunasikia familia haikuamka. Chetezo changu kina kijikaa kimoja kidogo, dirisha wazi, mlango wazi, dakika kumi, natoa nje. Starehe isikupeleke mochari.

Komenti za "ushago" ziendelee, zinanisaidia na hesabu za video. Lakini nina ombi moja la kweli. Kitanda changu ni cha chuma, kinalia, na rangi yake siwezi kuificha hata kwa kikoi. Nataka kitanda cha kamba, kile cha miguu ya kuchonga, kilichowambwa kwa mkono. Nimezunguka mafundi wa Ngong Road wote, wananionesha vitanda vya ngozi bandia vyenye taa kichwani. Mmoja aliniambia kazi ya kuwamba aliijua mzee wake lakini ameshapumzika. Kama kuna mtu anajua fundi ambaye bado anawamba, awe Nairobi, Machakos au hata Malindi, aniachie namba kwenye ujumbe wa faragha. Usafiri nitajua mwenyewe. Basi ya usiku ina nafasi juu.